Fulana Arobaini na Moja

Bwana Gerson alipomaliza kutaja bei, Bi Zamda alimwomba aitaje tena, tena polepole, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri. Sauti yenyewe haikuwa nzuri hata kidogo. Bi Zamda alitaka tu kumtazama usoni akiitamka mara ya pili, aone kama itapungua.

"Milioni kumi na tisa na nusu, mama!" Gerson alipaza sauti kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Masikio ya Bi Zamda yalikuwa mazima. Kwa mlio wa kikaango peke yake alikuwa anajua jirani anakaanga dagaa au anakaanga maji. Lakini kila mgeni aliyevaa tai, akiona mwanamke wa miaka sitini na minane kajitanda kanga, alijiamulia mwenyewe kwamba huyu ni kiziwi, na Bi Zamda hakuwahi kumsahihisha hata mmoja. Mbele ya kiziwi watu huongea kwa starehe.

Walikuwa wameketi barazani, nyumbani kwake Mtendeni, na karatasi mbili zimetandazwa kwenye mkeka. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya mashine kubwa ya kuchapa picha moja kwa moja kwenye fulana: fulana thelathini kwa saa, wino wa shilingi elfu moja na mia moja kwa kila fulana. Karatasi ya pili ilikuwa ya mashine ndogo, ya kuweka mezani, milioni nane na laki saba: fulana nane kwa saa, wino wa shilingi elfu mbili kwa fulana. Karatasi ya mashine kubwa ilikuwa ya rangi na inang'aa. Ya mashine ndogo ilikuwa fotokopi.

"Mama, hata hesabu haihitajiki hapa," alisema Shaban, mwanawe. Alikuwa fundi wa kuchapa fulana kwa skrini, ile fremu ya wavu wa kupitishia rangi, na kwa presi, ile pasi kubwa ya kubana kitambaa, na kwa muda wa mwaka mzima kazi zenye picha za watu zilikuwa zinampita zikienda kwa Erasmus, upande wa stesheni, mwenye mashine kubwa kama hiyo hiyo. "Kubwa inatoa karibu mara nne, na wino wake ni nusu ya bei. Ya nini kununua ndogo? Tucheze?"

Pesa haikuwa ya Shaban. Ilikuwa ya Bi Zamda, milioni ishirini na tatu, fidia ya shamba lake lililopitiwa na reli. Shamba lile alilima karanga na mihogo miaka arobaini. Sasa lilikuwa limekaa benki, na hakuna jingine nyuma yake.

Bi Zamda aliichukua karatasi inayong'aa akaisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali. "Mwanangu," alimwambia Gerson, "na siku isipofanya kazi, hii mashine inakula nini?"

Gerson alicheka mpaka tai ikahama. "Mama! Hii siyo ng'ombe! Ukiizima, imezimika!"

Shaban naye akacheka. Kicheko cha Gerson kilikuwa cha biashara, Bi Zamda alikisamehe hapo hapo. Cha Shaban alikiweka pembeni, atakitafutia nafasi yake baadaye.

Shamila, mke wa Shaban, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Ndiye aliyepokea wateja na kuandika kazi zao. "Lakini ile miezi ya mvua..." alianza.

"Shamila, sukari," alisema Shaban.

Sukari ilikuwa kwenye sinia, mbele ya macho yake. Shamila aliinua kikopo, akakitua tena palepale kilipokuwa, akarudi ndani.

Gerson aliaga kwa kusema kwamba bei hiyo ni mpaka Ijumaa. Baada ya Ijumaa kuna mteja Kahama anaisubiri mashine kwa hamu. Bi Zamda alimwombea mteja wa Kahama afya njema.

Jumatano asubuhi Bi Zamda alivaa kanga zake za kutokea, akatia ndani ya pochi picha ya marehemu mumewe, Mzee Rashidi, na tasbihi yake ya punje tisini na tisa, akaenda dukani kwa Erasmus. Nyumbani aliaga kwamba anakwenda kupima presha. Si uongo mkubwa, maana presha ilikuwapo.

"Shikamoo mama," alisema Erasmus, mtu mnene mwenye kalamu sikioni.

"Marahaba, baba. Nataka fulana moja. Nyeusi, na huyu mzee kifuani. Tuna kisomo chake."

Marehemu Mzee Rashidi hakuwahi kuvaa fulana maishani mwake; angejua kwamba anapelekwa kubandikwa kwenye kitambaa cheusi, angerudi kudai kanzu. Erasmus aliitazama picha, akasema elfu kumi na tano, na kwamba kuna foleni, arudi kesho.

"Nitangoja, baba. Miguu hii ikishafika mahali haipendi kuondoka. Nipe hata hako kastuli."

Akapewa kastuli pembeni ya mashine. Akatoa tasbihi, akainamisha kichwa, midomo ikaanza kucheza. Erasmus alimwambia msichana wa mashine, "Apolinaria, punguza redio, mama anaswali." Redio ikapunguzwa. Bi Zamda aliona haya, na haya zenyewe zilidumu kama fulana tatu hivi. Maana kila fulana iliyotoka kwenye mashine, kidole gumba chake kilivuta punje moja.

Mashine ilikuwa kubwa kama sanduku la bibi harusi, na mbele yake trei inayoingia na kutoka kama ya mwoka mikate. Kwenye karatasi ya Gerson ilionekana kama fulana huingia nyeupe ikatoka na picha, basi. Hapa mambo yalikuwa marefu. Fulana nyeusi ilinyunyiziwa dawa kwanza. Ikabanwa ikauke. Ikaingia, ikapakwa wino mweupe mahali patakapokaa picha, maana rangi haionekani juu ya weusi. Ikarudishwa ipakwe rangi. Ikatoka, ikabanwa tena ili wino ushike, la sivyo dobi wa kwanza anaondoka nao. Katikati ya hayo Apolinaria alisimamisha kila kitu, akafuta kichwa cha mashine, kile kinachotema wino, kwa kijiti na pamba, taratibu, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio.

"Mbona unamwosha tena?" Bi Zamda aliuliza. "Si umemwosha sasa hivi?"

"Anaziba, bibi. Huyu mweupe ndiye mkorofi. Akilala bila kutikiswa anaganda, matundu yote yanakufa. Kichwa kipya ni milioni sita."

"Heee. Ghali kuliko changu. Na hiyo chupa chini, maji ya maziwa hayo?"

"Ni wino uliotumika kuoshea. Hauna kazi tena."

"Kumbe marehemu. Na chupa inajaa kwa muda gani?"

"Lita moja kwa mwezi, bibi. Tuchape, tusichape. Kuanzia watu wa tumbaku wanapomaliza pesa yao mpaka masoko yanapofunguliwa tena, hapa tunapiga soga tu, lakini kila asubuhi lazima nimwoshe na nimchapishe kidogo asigande. Chupa inajaa vilevile."

"Na lita ya huyo mweupe ni shilingi ngapi?"

"Laki nne na ishirini."

Bi Zamda alisahau kuvuta punje kwa fulana moja, ikabidi aidai kwenye iliyofuata. Ng'ombe, alijisemea. Na anakula hata siku ya Idi.

Umeme ulikatika saa tano, ukarudi saa saba kasoro. Ukiondoa muda huo, Apolinaria alifanya kazi kama mtu anayetembea kwenye tope. Ndipo Bi Zamda, akiwa amechoka kutazama trei, akahamisha macho kwenye meza ya kubania. Kulikuwa na presi mbili. Moja ilikuwa ya kijani, mpya. Nyingine ilikuwa nyekundu, mpini wake umefungwa kipande cha kanga ya zambarau, kwa sababu plastiki yake ilipasuka Shaban akaungua kiganja, na mama yake akamfungia kitambaa hicho kwa mkono wake mwenyewe, mafundo mawili, kama anavyofunga mzigo wa kuni.

Aliuangalia mpini ule unavyopanda na kushuka.

Saa kumi aliinuka. Fulana yake ilikuwa haijaguswa. Erasmus aliomba radhi, akasema ataletewa nyumbani kesho. Vidole vya Bi Zamda vilikuwa vimesimama kwenye punje ya arobaini na moja. Siku nzima ya mashine inayosifiwa kutoa thelathini kwa saa, na tasbihi haijafika hata nusu.

"Presi iko wapi?" aliuliza kabla hajavua viatu.

Shaban alikuwa uani, anasugua fremu za skrini. "Presi gani?"

"Yenye kanga yangu."

Fremu iliendelea kusuguliwa mahali pamoja kwa muda mrefu, mahali pasipo na uchafu. Kisha Shaban akasema, bila kugeuka, kwamba Gerson alitaka arubuni ili asiiuze mashine kwa mtu wa Kahama. Milioni moja na laki mbili. Ameilipa tangu Jumatatu. Presi ameiuza kwa bei hiyo hiyo.

"Jumatatu," alisema Bi Zamda. "Na Jumanne mkaja kuniuliza mimi kama nimekubali."

"Nilijua utakubali, mama."

"Ulijuaje na mimi mwenyewe sijui?"

Shamila alitoka jikoni, mikono ina unga. Ilionekana wazi kwamba na yeye ndiyo kwanza anasikia. Alikuwa amepokea kazi mbili asubuhi ile ile, fulana za kubana kwa presi, na ameshachukua nusu ya pesa.

"Na uliuza ya nini presi, Shaban?" aliuliza. "Tutabania nini?"

"Mashine mpya haihitaji presi. Gerson kasema inachapa moja kwa moja."

"Moja kwa moja mpaka wapi?" Bi Zamda alisema. "Nimekaa nayo saa saba leo. Kila fulana inabanwa mara mbili, kabla na baada. Bila presi, picha inakwenda na maji. Presi yako ndiyo inafanya kazi hiyo, kwa Erasmus. Nimeiona kwa macho yangu inamtumikia mtu."

Shaban aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na miaka thelathini na minne na mabega ya mpagazi, lakini alivyokaa pale alionekana kama anayengoja kupimwa uzito kliniki.

Bi Zamda hakumhurumia bado. Alivuta tasbihi akamwonyesha mahali vidole vilipokomea. "Arobaini na moja. Si kwa saa, kwa siku. Hiyo ndiyo mashine yako ya thelathini kwa saa. Mimi siinunui."

"Uliswali au ulipeleleza?"

"Mungu anajua nilikuwa nafanya nini. Wewe niambie ulikuwa unafanya nini."

Alhamisi saa nne, Apolinaria alibisha hodi na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani alikuwamo Mzee Rashidi kwenye kitambaa cheusi, kofia yake ya kiua imetokea vizuri mpaka unaweza kuhesabu matundu. Shamila alimletea mgeni maji. Bi Zamda alimlipa elfu kumi na tano zake, lakini msichana hakuondoka. Alikunja ule mfuko, akaukunjua, akaukunja.

"Bibi, mimi ni mtu wa Ipole, nimelelewa kanisani, mama yangu ni mtu wa rozari," alisema. "Nimeshindwa kulala. Mtu mwenye tasbihi mkononi hadanganywi."

"Nani kanidanganya?"

"Bosi alikujua tangu ulipoingia. Alisema huyu ni mama yake Shaban, kaja kuchungulia, akaniambia nivute kazi, nioshe kichwa mara nne badala ya mara moja. Hataki mwingine mjini awe na mashine kama yake. Siku ya kawaida natoa mia na ishirini, bibi. Mpaka mia na thelathini umeme ukitulia."

Shaban alikuwa mlangoni. Aliyasikia yote, na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Mia na thelathini! Mama, umesikia?"

Bi Zamda alisikia. Aliitazama tasbihi yake kama mtu aliyekamatwa sokoni na chenji ya bandia. Alikwenda kule kumzunguka Erasmus, na Erasmus akamzungusha yeye, tena kwa heshima, na redio akapunguziwa. Kwa miaka mingi hakuna aliyemweza hivyo, na sehemu fulani ya moyo wake, ndogo, ilimvulia Erasmus kofia.

"Na ile chupa?" aliuliza hatimaye. "Nayo mliijaza maji?"

"Chupa sikuigusa, bibi. Ile ni kweli. Lita kwa mwezi."

Apolinaria alipokwenda, Shaban alianza kutembea uani, mikono nyuma. Mama alihesabu siku moja, tena siku ya kutegwa. Yeye Shaban amehesabu kazi za mwezi huu na mwezi uliopita, anajua watu wanavyomiminika. Mashine kubwa inajilipa kwa mwaka na nusu. Presi atanunua nyingine. Alisema mengi, na mengine yalikuwa na maana, maana mwezi wa saba na wa nane watu wa tumbaku huwa wamelipwa, na kila kikundi kinataka fulana, kila harusi, kila kipaimara, kila jubilei ya padri.

"Ulihesabu mwezi wa saba na wa nane," alisema Shamila.

"Ndiyo."

"Na mimi nina yote kumi na miwili."

Aliingia ndani akarudi na daftari la kurasa mia mbili, la jalada gumu, ambalo Shaban alilijua kama daftari la wadeni. Ndani kulikuwa na kila fulana iliyotoka kwenye nyumba ile, mwezi kwa mwezi, miaka mitatu. Hakuna aliyemwagiza. Alianza kuandika kwa sababu wateja walikuwa wanakana kazi zao, akaendelea kwa sababu aliipenda.

"Mwaka jana tulitoa elfu mbili na mia sita. Miezi minne ya masoko ya tumbaku, elfu moja na mia tisa. Miezi minane iliyobaki, mia saba."

"Mia saba tu?" Shaban alisema.

"Mwezi wa pili tulitoa ishirini na mbili. Kumi zilikuwa za msiba mmoja."

Akaketi kwenye mkeka, akachora mstari katikati ya ukurasa. Alikwenda polepole, akitaja kwa sauti ili mama mkwe wake afuate, na Bi Zamda, aliyeishia darasa la saba lakini amehesabu magunia ya karanga maisha yake yote, alifuata bila kupitwa hata hatua moja. Mashine kubwa: wino wa fulana elfu mbili na mia sita, milioni mbili laki nane na sitini. Wino wa kuoshea, lita kumi na mbili kwa mwaka, milioni tano na elfu arobaini. Jumla milioni saba na laki tisa.

"Na ndogo?" aliuliza Bi Zamda.

"Nilimpigia simu Julieth jana, yule niliyesoma naye, yuko Nzega, anayo. Yake kichwa ni kidogo. Inamwaga robo lita kwa mwezi." Kalamu ikashuka. "Wino wa kuchapa, milioni tano na laki mbili. Wa kuoshea, milioni moja laki mbili na sitini. Jumla milioni sita, laki nne na sitini."

Kuku aliyepita uani alionekana kama anakanyaga kwa tahadhari.

"Lakini haitoshi," alisema Shaban. "Ndogo inatoa ngapi?"

"Julieth anatoa thelathini na tano kwa siku, peke yake, na mtoto mgongoni. Kazi kubwa kuliko zote tuliyowahi kupata ni ile jubilei ya Ipole. Mia mbili na arobaini, na walitupa siku kumi na mbili. Ishirini kwa siku."

"Kazi zitaongezeka."

"Zikifika elfu nne na mia mbili kwa mwaka, kubwa na ndogo zinalingana. Zikipita hapo, kubwa ni nafuu. Nimeandika hapa chini, tazama. Zikifika, tutanunua kubwa."

Shaban aliinama akatazama. Alitazama muda mrefu kuliko tarakimu zilivyohitaji. "Daftari hili lilikuwapo siku zote?"

"Lilikuwa kabatini," alisema Shamila. "Chini ya sukari."

Bi Zamda aliangua kicheko, akajifanya anakohoa, kisha akaona hakuna haja, akacheka tu. Kile kicheko cha Jumanne alichokiweka pembeni kilikuwa kimepata nafasi yake, na hakuwa yeye aliyekiweka hapo. Hilo lilimfurahisha na kumuuma kidogo kwa wakati mmoja.

Hata mashine ndogo haifanyi kazi bila presi, na presi mpya ni milioni mbili na nusu. Jioni ile Shaban alikwenda kwa Erasmus. Bi Zamda alimpa pesa na kumwambia aende peke yake, kisha akamfuata umbali wa nyumba nne, maana ghafla alikuwa ameishiwa nyanya, na nyanya nzuri ziliuzwa mkabala na duka la Erasmus.

Hakusikia maneno yote. Aliona mwanawe amesimama nje ya kaunta kama mteja, na Erasmus amekaa, kalamu sikioni, anaendelea kuandika kitu. Shaban alisema. Erasmus akaandika. Shaban akasema tena, mkono wake kifuani. Wateja wawili waligeuka kumtazama.

"Milioni moja na nusu," Erasmus alisema hatimaye, kwa sauti ya kutosha barabara nzima. "Niliinunua moja na mbili, lakini nimeshaizoea. Na mpini nimeukuta una kitambaa kizuri sana."

Kulikuwa na watu waliocheka. Shaban alihesabu noti juu ya kaunta, moja moja, Erasmus akazihesabu tena, moja moja. Shaban aliipakia presi kwenye mkokoteni wa kukodi, na wote wawili, yeye na mwenye mkokoteni, wakaanza kuusukuma kuelekea Mtendeni, jua bado halijatua, kila mtu anamsalimu na kila mtu anauliza si uliuza hii?

"Niliikopesha," alijibu wa kwanza. Wa pili alimwambia, "Niliuza. Nimenunua tena." Wa tatu na wa nne aliwaambia hivyo hivyo, bila kupunguza mwendo.

Bi Zamda alinunua nyanya za mia tano asizozihitaji, akarudi kwa njia ya nyuma ili afike kabla yake.

Ijumaa baada ya swala, Gerson alifika na tai nyingine na kitabu cha risiti. Alipoambiwa kwamba wanataka ndogo, uso wake ulishuka milioni kumi na laki nane kwa mara moja. Kisha akakumbuka arubuni.

"Arubuni ilikuwa ya kubwa!" alipaza sauti kwa Bi Zamda. "Hairudi, mama! Imeandikwa nyuma ya risiti!"

"Nakusikia, mwanangu. Na jirani wa tatu pia anakusikia. Soma tena hapo nyuma, kwa sauti hiyo hiyo, wasikie vizuri kwamba ulichukua pesa ya presi ya mtu ukamwambia haina kazi tena."

Gerson alitazama barazani kwa jirani, ambako kwa bahati wanawake watatu walikuwa wanasuka ukili na hakuna aliyekuwa anaongea. Akashusha sauti. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Mwisho alikubali kuhamisha laki sita kwenye mashine ndogo, na laki sita nyingine zikabaki kwake. Hakukuwa na la zaidi la kumtoa. Laki sita kwa Gerson, laki tatu kwa Erasmus, elfu kumi na tano za marehemu kwenye fulana: hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya wiki, na Bi Zamda aliilipa kichwani mwake bila kuipunguza.

Akazitoa milioni nane na laki moja kwenye pochi, alizozichukua benki asubuhi. Zilikaa juu ya mkeka, na kwa kitambo alizitazama kama alivyokuwa akilitazama shamba wakati wa kuvuna. Mkono wake ulichelewa kuziachia. Gerson alijua kazi yake, hakuzivuta.

"Niandike jina gani?" aliuliza, kalamu juu ya risiti. "Shaban nani?"

"Usiandike Shaban," alisema Bi Zamda. "Andika Shamila."

Shamila, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinua kichwa. Shaban hakuinua chake. Wale wasuka ukili nao walikuwa wameacha kusuka.

"Mama," Shaban alisema polepole, "mbele ya watu?"

"Presi uliiuza nyuma ya watu. Hii naifanya mbele yao ili kesho nisikane."

Yalikuwa maneno makali, na alipokwisha kuyasema alitamani moja liwe limebaki mdomoni. Alifikiri mwanawe atasimama aondoke, na kama angeondoka asingejua la kumfanya. Pesa ilikuwa imeshatoka mkononi na mtoto alikuwa huyo mmoja.

Shaban alisogea kwenye mkeka. Aliichukua kalamu ya Gerson, akamwonyesha kwa ncha yake mahali alipokuwa ameanza vibaya, kwa kuandika Shaban baada ya Shamila. "Shamila, kisha jina la baba yake," alisema. "Si langu. La baba yake." Kisha akaandika lake chini, kwenye mstari wa shahidi, kwa mwandiko wa kufinyana, akairudisha kalamu.

Gerson alipokwisha kuondoka, Shaban alikusanya vikombe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na akavikusanya vibaya, vijiko vikaanguka.

"Sasa mimi ni nani kwenye mashine hiyo?" aliuliza.

"Wewe ni fundi," alisema Bi Zamda. "Inafika Jumatatu. Saa mbili uwe kazini."

"Saa moja na nusu," alisema Shamila, bila kuinua macho kwenye daftari. "Kichwa kinaoshwa kwanza."